Chura wa Liseth

Jumatatu, 20 Mei
Mwanangu Liseth anaota jino la tatu. Hatujalala. Nimefika makumbusho na maziwa begani na soksi za rangi mbili. Lakini siku imegeuka! Yule chura mdogo wa tumbo la manjano, aliyetoka msitu wa mawingu, ni mpya kabisa. Dokta Otilia, bingwa wetu wa vyura, amemlinganisha na kila chupa ya rafu ya vyura, miezi minne, na leo amekubali. Jumatatu ijayo atampa jina. Anayemwandika kiumbe mpya kwenye jarida la sayansi ndiye anayembatiza.
Baba yake Liseth hakumpa mtoto jina lake la ukoo. Hata herufi moja. Basi mimi nitamwingiza kwenye vitabu vya sayansi, asomwe hata baada ya sisi sote kufa. Chura wa Liseth! Nimeapa.

Jumanne, 21 Mei
Saa nne nimempelekea Dokta salteña mbili, zile sambusa za kuoka, za kuku, bado za moto. Akala, akasema Mungu anibariki. Nikaona nafasi, nikatoa picha ya Liseth. Akasema mtoto ana macho mazuri. Nikasema, kama ya chura. Akanitazama sana.
Fidencio, dereva na mkamata vyura wetu, alikuwa mlangoni, kasikia yote. Eti dada Nelva, wewe kazi yako kuandika lebo, mimi niliingia mtoni hadi kiunoni. Anataka chura aitwe jina la mama mkwe wake, Mama Restituta, apate kula kwake kwa amani Jumapili. Nikamwambia akamtafutie mama mkwe chatu. Akacheka. Mimi sikucheka.

Jumatano, 22 Mei
Mpango! Lebo aliyoitia Fidencio ndani ya chupa ni ya penseli, mwandiko wa kuku aliyelewa. Nikiweka lebo safi, yenye mahali na tarehe, na juu kabisa “Chura wa Liseth”, macho ya Dokta yatazoea. Jina likizoeleka halitoki. Penseli zilikuwa chumba cha pili. Kalamu ya bluu ilikuwa mkobani, chini ya nepi. Nimeandika vizuri mno, nikaitia chupani! Lebo ya zamani nimeitupa.

Alhamisi, 23 Mei
Spiriti ni bluu! Chura ni bluu! Lebo nyeupe pee!
Miaka miwili nawakaripia wanafunzi: penseli tu, wino wa kalamu huyeyuka kwenye spiriti. Mimi mwenyewe! Na takataka zimeondoka na gari la asubuhi. Chura asiyejulikana alikotoka ni nyama tu ndani ya chupa, Dokta hawezi kumwandika. Hakuna chura, hakuna Liseth. Nimebadilisha spiriti mara tatu. Tumbo limerudi manjano. Miguu imekataa.
Mahali alikokamatwa nilipanakili nikisinzia, sipakumbuki hata neno; pameandikwa sehemu nyingine moja tu: daftari la safari la Fidencio.

Ijumaa, 24 Mei
Nimemfuata gereji, Liseth kwenye mbeleko. Fidencio kakumbatia daftari kama bibi harusi na maua yake. Eti mama Liseth, leo umeijua njia ya gereji? Eti niseme mbele ya mtoto: chura ni wa Mama Restituta. Nimesema. Liseth akamshika masharubu kwa mikono miwili. Sikuharakisha kumzuia.
Nimenakili kwa penseli: kijito cha Wayra Mayu. Kisha nimekwenda kwa Dokta kukiri, kabla miguu ya chura haijakiri. Akasema mwanangu, ukichoka niambie mimi, uchovu usiumalizie kwa chura.

Jumatatu, 27 Mei
Sikukuu ya Mama. Dokta ametuita wote wawili. Chura ni wa Wayra Mayu! Eti vyura wake wote kumi na mmoja amewapa majina ya mahali, kwa sababu watu hugombana na vijito havigombani. Fidencio akaketi juu ya ndoo. Eti sasa Jumapili atakwenda kula wapi.
Nilikuwa naondoka nalia. Hapo Dokta akasema, jicho kwenye darubini, kwamba kwenye utumbo wa chura amekuta mnyoo, na mnyoo wenyewe haumo katika kitabu chochote. Anautuma kwa bingwa wa minyoo kule Sucre, kijana mpole, hajui kusema hapana.
Fidencio akadakia kwamba yeye amejitoa kwenye kugombea jina, anaipenda ndoa yake.
Nimeutazama. Mwembamba, mweupe, umejikunja kama mtoto aliyeshiba. Mzuri jamani! Nimeomba ruhusa ya siku mbili. Basi la Sucre ni kesho asubuhi, na Liseth nampeleka, kavaa kofia ya sufu, bingwa amwone mwenyewe.