Maharagwe ya Kalimoni

Jumatatu, 9 Juni 2025
Nyama imefukuzwa hii nyumba. Nimeuza misumari na mabati hapa Gatongora nikianza na toroli, kwa hivyo hesabu naijua: kilo moja ya nyama ni kilo nne za maharagwe. Mke wangu Warigia amekubali, lakini kwa sharti. Jumapili mamake anakuja, nami nitampikia maharagwe. Mama akiongeza sahani ya pili, tunakula maharagwe na mboga daima. Akibakisha, nyama inarudi. Rahisi!

Jumanne, 10 Juni
Nafuna wa hapo getini huuza maharagwe yaliyochemshwa, kwa kikombe. Ameniuliza, Baba Lynn, nikupimie? Nimemwambia silipii maji yake. Amecheka, akaniita tajiri. Nimepata gunia la maharagwe makavu huko sokoni Kalimoni, nusu bei! Muuzaji anasema limekaa stoo kidogo. Na likae. Maharagwe hayazeeki.

Alhamisi, 12 Juni
Yamechemka tangu mchana hadi taarifa ya habari. Bado yanagonga sufuria. Warigia ameuliza kama nimechota kokoto za dukani. Tumekunywa chai na mkate.

Jumamosi, 14 Juni
Nimeloweka usiku kucha. Nimetia magadi. Maji yamebadilika rangi, maharagwe yamekataa. Gesi imeisha! Kujaza mtungi kumemeza faida yote ya gunia, na bado mama mkwe anakuja. Nimechoka hadi kope.

Jumapili, 15 Juni
Warigia akiwa kanisani, nimeenda kwa Nafuna, kofia hadi puani. Ameuliza, barabara nzima ikisikia, kama leo maji yake yamekuwa matamu. Nimenunua, nikarudi mbio. Nikakaanga na kitunguu, nyanya, karoti na dania.

Mama mkwe ameongeza mara mbili! Amesema miaka yote alidhani najua misumari tu. Warigia ameshindwa, akanitazama sana. Kisha mama akasema akina mama wa kanisa lake huko Thika lazima waonje mkono wangu. Watakuja Jumapili ijayo. Arobaini. Nimesema karibuni. Ningesema nini?

Jumatatu, 16 Juni
Arobaini! Kwa bei ya Nafuna nitauza duka. Nimempigia simu yule muuzaji wa Kalimoni. Amebakisha gunia moja, la zamani kuliko langu, na bei imeshuka tena. Nimemwambia alete haraka.

Nimefikiria sana. Shida haikuwa maharagwe. Ilikuwa sufuria.