Nyumba Rahisi za Buibui

Jumatatu, 5 Machi 2007
Vurugu asubuhi yote. Buibui wangu mmoja katoka kwenye sufuria, kapanda kamba ya nguo, kaingia kwenye kitenge cha Mama Scola mwenye nyumba. Mama Scola kajifunga kitenge, buibui yumo. Kelele! Watu na mafagio. Nimemwokoa. Buibui, siyo mama.

Mama Scola kasema, Baba Clever, mimi nimepangisha mtu, sijapangisha madudu yenye manyoya. Jumapili akitoka kanisani anakuja kukagua. Asipokuta wana nyumba yao ya kufunga, tunatoka wote.

Enoka akadakia hapohapo. Ni kuli mwenzangu, chumba cha pili. Kasema mdogo wake anatafuta chumba. Anakitaka changu kwa sababu hakivuji. Mshenzi.

Sitoki. Chumba hiki marehemu mke wangu Tusekile alikipaka chokaa mwenyewe. Alama ya kiganja chake bado iko juu ya dirisha. Buibui niliwatoa kwenye mbao za Kongo tulipokuwa tunashusha. Wakubwa, wapole. Tangu aondoke, na Clever wetu akae kwa bibi yake, nikirudi kazini walau kuna mtu nyumbani.

Jumanne, 6 Machi
Nimekwenda kwa fundi vioo. Nikasema nataka boksi la kioo la kufugia buibui. Akaita wenzake waje wanitazame. Bei yake unapata mbuzi na kamba yake. Nimeondoka bila kuaga.

Basi ndoo ya rangi. Nikapasha msumari moto nitoboe mfuniko, wapate hewa. Mfuniko umeyeyuka wote. Kidole kimeungua. Moshi mpaka kwa Enoka. Akauliza kwa sauti, uwanja mzima usikie, leo nawapikia wageni wangu nini.

Jumatano, 7 Machi
Nimepata dumu la mafuta. Nimekata juu, nimefunika kwa gunia, nimefunga kwa mpira wa baiskeli. Dumu moja, wapangaji wawili. Hiyo ndiyo nafuu. Kwetu Itaka tulilala mkeka mmoja na ndugu zangu wote, hakuna aliyelalamika.

Alhamisi, 8 Machi
Buibui mmoja. Kanenepa. Pembeni miguu ya mwenzake.

Enoka kaja kutoa pole. Kasema nimshukuru Mungu, tatizo limebaki nusu. Na gunia nalo limetobolewa. Dumu halifai.

Mchana tulikuwa na kazi ng'ambo ya mpaka, Nakonde. Madereva wa Zambia wanakunywa chibuku, pombe ya nafaka, pakiti wanatupa. Nikasimama nikatazama. Karatasi ngumu. Inasimama yenyewe. Mdomo unakunjwa. Ndani giza kama shimo. Bure! Nikaokota moja. Dereva akacheka, akaniita mulamu, yaani shemeji kwa Kibemba, akasema hiyo imeisha, ngoja nikununulie nzima. Nikamwambia sitaki pombe, nataka nyumba. Akasogea mbali kidogo.

Nimeiosha. Nimetia udongo. Nimetoboa kwa sindano. Buibui kaingia mwenyewe. Hajatoka. Nimelala kama mtoto.

Jumamosi, 10 Machi
Balaa.

Nilikwenda bombani. Pakiti nimeiacha mezani. Enoka kaingia kuomba chumvi, yeye ndivyo anavyosema. Kaona chibuku. Sasa chibuku machicha yake yanakaa chini, lazima utikise ndipo unywe. Hata mtoto wa mpakani anajua. Katikisa. Kwa nguvu, ni mzoefu. Kakunjua mdomo, kainua kichwa.

Kwanza udongo. Halafu mguu.

Alitoka na mlango. Mlango wenyewe, na bawaba zake. Nikatupa ndoo nikakimbia. Watu wakapisha njia, wakidhani namkimbilia Enoka. Nimempita. Buibui alikuwa chini ya kitanda. Anayumba, lakini mzima.

Sasa sina mlango. Kesho ukaguzi.

Jumapili, 11 Machi
Mama Scola kaja na Biblia kwapani. Enoka kawahi kushitaki. Kasema ameshambuliwa, mdomo umevimba, mnyama huyu auawe na mimi nitoke. Mama Scola kauliza, alikukuta wapi. Kwenye pakiti. Pakiti ya nani? Ya Baba Clever. Mama Scola kasema, yaani umeingia kwa mgane hayupo, ukanywa pombe yake, na hata pombe siyo! Wanawake wamecheka mpaka wameshika kuta. Mlango atautengeneza Enoka. Mdogo wake atafute pengine.

Halafu Mama Scola kaingia ndani, kaangalia juu ya dirisha. Kasema Tusekile alipaka chokaa akiimba, na sauti alikuwa hana kabisa. Kweli. Alikuwa hana.

Kanipa kopo la biskuti lenye mfuniko. Kasema buibui akae humo, mimi nikae. Ila kanishikisha Biblia: mdudu mwingine asiingie kwenye uwanja wake. Nimeapa. Kwa moyo wote.

Jumatatu, 12 Machi
Tumeshusha ndizi leo. Kwenye mkungu kulikuwa na kinyonga. Kijani, jicho moja linanitazama, jingine linatazama Zambia. Mpole ajabu. Wenzangu wote wamekimbia. Mama Scola naye anaogopa kinyonga kuliko radi.

Nimefikiri njia nzima. Kinyonga siyo mdudu. Ana mikono. Kiapo kiko palepale.

Amelala kwenye kofia yangu. Anahitaji nyumba yenye hewa. Neti ya Mama Scola iko kwenye kamba, imeshakauka. Nzuri sana, matundu madogo. Leo sijaona hata mbu mmoja.