Mkeka Wangu, Thamosi Yangu na Vita vya Ijumaa

Ibra,
Jumanne, 10 Machi 1987

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Mchezo wa Bunduki za Plastiki, Ibra.

Mheshimiwa Thuwaini, mwana wa dada yangu,

Marahaba. Naijibu shikamoo ambayo haikuwemo katika tangazo lako. Hukulelewa hivyo, kwa hiyo bila shaka mashine ya chapa ndiyo iliyoimeza.

Tangazo nimelisoma mara tatu. Linasema Ijumaa hii, tutakapocheza na watu wa Izki, kila mchezaji avae miwani ya kinga, nguo za madoadoa na viatu vya kufunika vifundo, na achukue bunduki yake, risasi mia mbili na chupa ndogo ya maji, basi. Na chini kabisa, kwa wino mwekundu, umeandika kuwa Mzee Sleyum akija na mizigo yake hatopangwa. Mwenyekiti, katika watu ishirini na wawili nimetajwa kwa jina mimi peke yangu. Nimeona uchungu, sikufichi. Tangu nistaafu ukarani mwaka juzi, mchezo huu uliotuletea kutoka Japani ndio unaonitoa nyumbani, na kwenye wadi lile, bonde la mto mkavu, ndipo ninaposikia watu wakipigiana kelele kwa Kiswahili kama zamani kule pwani tulikotoka kabla ya kuhamia huku. Kwa hiyo naleta malalamiko yangu kwa utaratibu.

1. Nguo. Nguo za madoadoa ya kijani zimeshonwa kwa watu wanaopigana msituni. Sisi tunacheza wadini, kwenye mawe na magofu ya udongo. Ijumaa iliyopita Marhoun, ambaye ndiye kijana wetu mwepesi kuliko wote, alilala juu ya jabali na kijani chake akaonekana kama mchicha juu ya mkate. Alipigwa na watu watatu ambao hata hawakuwa wakimtafuta. Kanzu yangu kuukuu, aliyoichovya Bi Ghalia mke wangu katika maji ya kahawa, ina rangi ileile ya wadi. Kamati inasema kanzu hunasa kwenye miiba. Ni kweli. Lakini suruali mliyonipa haikutaka nichutame, na nilipolazimisha ilipasuka kwa mlio uliosikika pande zote mbili za vita.

2. Miwani. Hapa sina ugomvi, macho hayauzwi sokoni. Ninachodai ni kitambaa cha kufutia, maana nikivaa ya kusomea ndani na ya kinga juu, yote huingia ukungu, nikawa nawatambua watu kwa vikohozi. Kamati imekikataa kitambaa changu ati kwa kuwa kimefungiwa halwa. Halwa nayo si lazima ifungiwe kitu?

3. Mzigo. Mimi huchukua mkeka, thamosi ya kahawa, vikombe kumi na viwili, tende, na hiyo halwa. Mnauita mzigo kwa sababu mnapopanga vifaa mnawafikiria walio hai tu. Hebu tupige hesabu. Tunaanza saa moja asubuhi na tunamaliza saa nne, ili watu wakaoge wawahi Ijumaa. Mimi, kwa bahati yangu, hupigwa saa moja na robo. Sheria inasema aliyepigwa ainue mkono, aseme nimepigwa, aende akakae chini ya mkunazi mpaka mwisho. Basi uhai wangu ni robo saa, na ufu wangu ni karibu saa tatu. Robo saa mmeipangia viatu, miwani na risasi mia mbili. Saa tatu mmezipangia nini? Jiwe la kukalia, na chungu wanaouma.

4. Shutuma. Inasemwa kuwa Ijumaa iliyopita niliua mchezo. Naomba ukweli uandikwe. Nilikuwa nimekaa chini ya mkunazi, maiti halali, namimina kahawa. Marhoun, ambaye naye alikwisha kupigwa, akaja, nikamkaribisha. Kisha wakapita wengine wanne wazima, nikawakaribisha na wao, kwani toka lini mtu akaona watu wanakunywa kahawa akapita zake? Wakainua mikono wakasema wamepigwa. Nani aliwapiga sikuuliza, si adabu kumhoji mgeni.

Ndipo akatokea Musallam, kiongozi wa upande wa pili, na bendera yetu mkononi. Alikuwa ameshashinda, alibakiza hatua thelathini tu afike kwao. Nikamkaribisha. Akaketi, akaulizwa habari, akatoa habari, akauliza na yeye, na unajua habari za Musallam haziishi mpaka zifike Dima wa Tayyin, huko mbali milimani. Ulipiga filimbi mara tatu, niliisikia. Lakini kikombe kikirudi hakikutikiswa, mwenyeji anamimina. Musallam alirudisha kikombe mara tisa bila ya kukitikisa. Ulitaka nimnyime mgeni kahawa kwa sababu ya filimbi? Na walinzi wake waliokuja kumtafuta, nao walikaa. Mtu uliyekunywa naye kahawa humpigi risasi, angalau si asubuhi ileile. Kwa hiyo vita vilisimama vyenyewe, bendera ikatandikwa chini ya tende, na makosa yangu mimi siyaoni.

5. Maombi. Ikiwa tatizo la Kamati ni uzito, nimevipima vitu vyangu kwa mizani ya jirani. Kizito kuliko vyote ni bunduki. Halafu haikunjiki, na inachukua nafasi ya vikombe sita. Naomba basi:

(a) mkeka na thamosi viandikwe kuwa vifaa rasmi, na Izki waje na vyao;

(b) anayebeba thamosi asipigwe, kwani akipigwa yeye wameumia wote;

(c) filimbi isipigwe mpaka mgeni atikise kikombe;

(d) na bunduki, kwa wale wenye mizigo ya maana, iwe ni hiari.

Nisalimie mama yako, umwambie dawa ya mgongo imefika. Nisalimie Marhoun na nguo zake, na Musallam ukimuona, na wote walio hai na waliopigwa.

Wako katika mchezo, na mjomba wako nje ya mchezo,
Sleyum bin Azzan

Nyongeza: Bi Ghalia ameisoma barua hii kabla sijaifunga, akaniuliza ni nani hasa anayenipiga kila saa moja na robo. Nilinyoosha mkono nichukue bahasha, naye akaikamata mpaka niandike. Thuwaini mwanangu, hajanipiga mtu hata siku moja. Magoti hayakimbii tena, na nilichelea mkiniona nachechemea nyuma yenu mtaniacha nyumbani kwa heshima. Ndio maana mkishapotea nyuma ya ukuta nainua mkono mwenyewe, nasema nimepigwa, natandika mkeka. Basi Ijumaa hii mkeka utabaki nyumbani, na thamosi itabaki. Nitakuja na miwani, bunduki na maji, kama ulivyoandika, hata suruali nitavaa, imeshashonwa. Niweke nyuma ya gofu lolote, nisimame papo hapo nisiondoke, na uwaambie watu wa Izki waje wanipige kweli, mara moja tu, na mimi nijue inauma vipi.