Viduara vya Mwaka 1781

Jumatatu, 8 Oktoba 1956
Nimeupata! Mchoro wenyewe wa mwaka 1781, unaoonyesha kila mti uliopandwa hapa kwa Bibi Lavinia, mwenye jumba hili. Ulikuwa nyuma ya kabati la viatu. Tuffnell, mtunza bustani mwenzangu, kautafuta miezi mitatu. Pole yake! Bibi ametangaza: atakayemwonyesha miti ya babu zake ilisimama wapi ndiye mkuu mpya wa bustani, na nyumba ya mkuu ni yake. Nyumba kavu! Yetu inavuja hadi kitandani. Enid, mke wangu, keshaenda kupima madirisha yake ashone mapazia.

Simwambii mtu ila Enid. Nimeutandaza kwenye kibanda cha vyungu vya maua, nikajimiminia chai, nikautazama weee. Viduara viwili vya miti ya mialoni, basi.

Jumanne
Ajabu. Leo viduara ni vinne. Jana vilikuwa viwili, naapa! Hivi vipya havina maandishi, ni vya kahawia, mviringo safi kabisa. Enid anasema nivae miwani niache maringo. Nimevaa. Bado vinne. Nimekunywa kikombe cha pili kutuliza akili.

Jumatano
Saba! Sielewi kitu. Labda wino wa kale hujitokeza ukipata hewa. Ndiyo! Wino uliojificha! Tuffnell kapita mlangoni, kaniuliza mbona najifungia humu kama kuku anayeatamia. Nikamwambia ndiyo, naatamia. Akacheka hadi akakohoa. Acheke tu. Mwenye macho haambiwi tazama, na mwenye macho ni mimi.

Alhamisi
Tatizo. Viduara vinne kati ya vile vipya vinaangukia uwanja wa kriketi wa kijiji. Kimoja katikati hasa, kwenye majani yale ambayo hata mbwa hufundishwa kuyazunguka. Cha tano kiko bwawani. Mialoni majini? Na mwaka 1781 kriketi walichezea wapi? Kichwa kinaniuma. Lakini mchoro ni mchoro. Nimechimba mashimo manne ya kupandia mialoni, tena ya kina.

Kasisi Peel, nahodha wa timu, alikuja mbio kanzu mkononi, akauliza nafanya nini, jamani, nafanya nini! Nikamjibu: historia. Akatamka neno ambalo sikudhani makasisi wanalijua.

Ijumaa
Bibi Lavinia alikuja uwanjani, kijiji kizima nyuma yake. Wazee wawili walikuwa wanalia waziwazi. Nikautoa mchoro kwa mbwembwe zote. Tuffnell akaupokea, akautazama, akaunusa. Akaunusa tena. Akaniuliza kwa upole, eti Pocock ndugu yangu, mialoni hii ilitiwa sukari?

Sikumwelewa. Akatuma watu wakalete kikombe changu cha chai kibandani, akakiweka juu ya kiduara. Kikakaa sawasawa. Akakihamishia cha pili. Sawasawa. Watu wakaangua kicheko, nami nikacheka nao ili nisionekane mgeni, na ni katikati ya kucheka ndipo nilipoelewa. Lo!

Bibi hakucheka. Alisema mchoro ule ndio pekee uliobaki, akampa Tuffnell ufunguo wa nyumba palepale. Nyumbani, Enid alikuwa ameyakunja mapazia yote na kuyarudisha sandukuni.

Jumapili
Kanisani hakuna aliyeketi benchi letu. Mahubiri yalihusu mtu achimbaye shimo, akatumbukia mwenyewe. Kasisi alinikazia macho dakika nzima. Sikuona uhusiano. Mashimo yote manne niliyachimba mimi na sikuanguka hata katika moja.

Baada ya chakula, habari njema! Gazetini kuna tangazo: jumba moja ng'ambo ya mto linataka mtu wa kurudisha miti yake ya zamani. Kuna na nyumba! Sharti: ujuzi wa michoro ya kale na barua ya sifa kutoka kwa mkuu wa bustani. Mkuu wangu sasa ni Tuffnell. Ana kazi nyingi, maskini, nisimsumbue. Barua nimeiandika mimi kwa niaba yake. Kurasa mbili. Amenisifu sana, hata mimi sikujua ananiheshimu kiasi hicho. Mwishoni nimeweka saini yake, na chini yake, kwa mazoea, nikaweka yangu. Enid ameniuliza kama hilo ni sawa. Nimemwambia saini mbili zina uzito zaidi kuliko moja. Nimeshaituma.