Ndege Anayeniita Pant-ji

Ndugu Katibu,
Chama cha Watazama Ndege,
Almora.

YAH: KUPORWA NDEGE WANGU

Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na shingo imeshapona baada ya matembezi ya Jumapili. Yangu bado inauma, na moyo ndio kabisa.

Nimeuona ubao wa chama. Pale kwenye ndege mgeni wa majira haya ya kuchipua limeandikwa jina la jirani yangu, daktari wa meno Diwakar Joshi. Langu halipo hata pembeni. Ndugu Katibu, natazama ndege nanyi tangu nistaafu posta, na sijawahi kuandikwa kwenye ubao huo. Jambo hili limeniuma sana. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ndege ni wa kwangu. Joshi alimsikia tu, akiwa upande wake wa ukuta, anapiga mswaki. Sauti ilitoka nyuma ya mti wangu wa plamu. Mimi humsikia kila alfajiri nikiwa bado kitandani, na Mama Nirmala, mke wangu, ni shahidi kwamba huwa kitandani.

2. Hakuna aliyemwona. Najua mtasema vile vindege vya majani ni vigumu: vyote vya kijani, vyote vina mstari juu ya jicho, na ukishaweka darubini sawa kilichobaki ni tawi linalotikisika. Kamati nzima ilikuja uani kwangu, ikanywa chai yangu, ikabishania mstari wa ndege ambaye haijamwona, kisha ikaamua kwa sauti peke yake. Sawa, tuamue kwa sauti.

3. Huku kwetu ndege hujulikana kwa anachosema. Kekeo akisema "kafal pako", hata mtoto anajua matunda ya kafal yameiva msituni. Huyu je? Joshi kaandika "twii-twii". Yule hana masikio, ana koleo tu. Ndege anasema waziwazi, "Paaant-ji, Paaant-ji." Ananiita mimi, tena kwa "ji" ya heshima, kuliko baadhi ya wanachama. Ndege wa Joshi angemwita Joshi.

4. Nilipomweleza hayo, alinijibu juu ya ukuta huku anacheka: "Pant-ji, ndege katoka Siberia, wewe atakujulia wapi?" Anasahau kwamba nimegonga mihuri barua za kwenda kila upande wa dunia.

Kwa hiyo naomba jina lake lifutwe, langu liandikwe, na ndege aitwe Pant. Tena Joshi azibe masikio kila alfajiri mpaka ndege ahame. Akikataa, chama kiinue ukuta wangu hadi sauti isipite. Pamba nitatoa mimi.

Nisalimie wanakamati wote na mama mkwe wako. Hata Joshi msalimie, ila kwa kifupi.

Wako katika kutazama matawi,
Trilochan Pant,
Posta (mstaafu)

Tanbihi: Kabla sijabandika stempu, Mama Nirmala akaisoma barua hii, akacheka mpaka akakaa chini. Jana aliipaka mafuta ya haradali pampu ya maji iliyo nyuma ya mplamu. Leo alfajiri ndege hakuimba. Ameniambia, "Majira yote haya pampu inakuita uje unisaidie kuvuta maji, wewe unaitafuta kitabuni." Tafadhali, ndege abaki wa Joshi, mzima mzima, na jina langu lisionekane popote. Samahani kwa haraka, ndoo zinanisubiri.