Muchanga mweusi ndani ya kobe

Jumatatu, 13 Novemba 2000
Leo nimeona kitu! Maman Clémence, mushonaji wa hapa Kadutu mwenye kunifundisha kazi, ametoa kwenye sanduku kobe ya shaba. Sista muzee wa misioni alimuachia siku za vita ya kwanza, ile ya 1996. Kichwa inatikisika. Kila muguu iko na kucha. Mugongoni kitambaa laini ya bluu, ya kuchomeka sindano. Nimekosa pumzi! Na mimi Zagabe ndiye mukubwa wa kukusanya vitu vya kushonea vya zamani, Bukavu muzima. Niko na nguruwe, kiatu, bata na tembo, zote za kuchomeka sindano. Aloys jirani iko na kuku moja tu, halafu anajidai. Nimeomba kobe. Maman amesema nishone pindo kumi zenye kunyooka, atanipa Jumapili. Nyepesi!

Jumanne, 14
Pindo tatu. Maman ameuliza kama nilishona nikishuka makona ya mulima Ngomo ndani ya camion yenye kurukaruka. Aloys amecheka mpaka akakaa chini.
Bata yangu imeanguka, imepasuka. Ndani: muchanga mweusi, muzito, unang'aa. Coltan, madini ya simu!!! Walimu wameacha shule kwenda kuichimba, basoda wanaipigania na bunduki, na mimi nailalia chini ya kitanda! Mungu ni mukubwa.

Jumatano, 15
Nimepasua nguruwe na kiatu. Tembo, karibu nilie. Zote zimejaa! Maman alienda misa, nikafungua na kobe yake, nikatoa muchanga. Kuazima tu.

Alhamisi, 16
Comptoir, kwa wenye kununua coltan. Nimepita mbele ya basoda kifua mbele, muchanga ndani ya soksi. Papa Ignace, munuzi wa pale, akaumwanga kwenye sahani, akainama, akausugua na kidole. Nikamuambia asiogope, awaze bei polepole. Akaniuliza kama mama yangu anashona. Eti ni unga wa jiwe ya kunolea, wazungu waliuweka ndani ya vitu vya kuchomeka sindano, zisishike kutu. Akaita wenzake waje kuniona. Walikuja wote.

Ijumaa, 17
Maman amechomeka sindano kwenye kobe. Ikazama, ikapotea. Hakugomba. Amesema tu kwamba aliibeba kobe ndani ya kitenge, kwa miguu mpaka Lwiro, risasi za vita nyuma, na hakuna sindano hata moja ilianguka. Afazali angenipiga. Nimemurudishia soksi yote ya muchanga. Kobe imenona. Zangu ziko tumbo tupu.

Jumapili, 19
Pindo kumi, zimenyooka! Lakini Maman amesema kobe inabaki kwake mpaka nijue kuacha vitu vimefungwa. Nimeapa mbele ya kanisa. Nimeapa kweli.
Kiisha misa Aloys amenishikisha kuku yake. Nimeitikisa. Muchanga? Hapana! Ndani inalia kama vijiwe vidogo, vigumu. Almasi!!! Nimemuambia kuku iko mugonjwa, aniachie mpaka kesho.
Kisu yangu iko wapi?