Ukoo wa Bwana Msimamizi

Ofisi ya Utulivu wa Wenyeji, Élisabethville, ina heshima ya kuwatangazia wakazi wote wa Katuba kwamba matusi katika foleni ya bomba yamepatiwa mtaalamu kutoka Ulaya.

Aliyelisoma tangazo hilo kwa kipaza sauti ni Anaclet Kalaba, karani mkalimani, ambaye wakati wa mvua zilizopita alikuwa ameomba bomba la pili. Bomba lilikuwa moja kwa mtaa mzima. Julienne, mkewe, aliondoka kila siku na ndoo jogoo hajawika, na bado Anaclet alikwenda ofisini na kola ya jana isiyofuliwa. Ofisi iliutafakari upungufu huo, ikaona si wa maji bali ni wa tabia. Matusi yasipokoma, bomba lenyewe lingefungwa, kwa kuwa ndilo linalowakusanya watu.

Mtaalamu, Daktari Vandormael, alikuwa bingwa wa saikolojia ya jamii, elimu inayochunguza kwa nini watu wakiwa wengi hutenda wasiyoyatenda wakiwa peke yao. Alisimama kando ya bomba, Anaclet akimtafsiria.

"We samaki, toka mu maji yangu," Mwape, mzee mmoja katika foleni, alimwambia Julienne. "Kichwa yako iko sawa sufuria ya kuungua."

"Mamba muzee. Meno yote ilianguka, utanikula na nini?"

Foleni ilicheka. Daktari alibadilika rangi.

Anaclet alieleza kwa adabu kwamba hakukuwa na ugomvi. Mwape ni wa ukoo wa Mamba, Julienne wa ukoo wa Samaki, na koo hizo ni watani. Mamba humtukana Samaki na kujichukulia vitu vyake, Samaki naye humfanyia Mamba vivyo hivyo, na anayekasirika hutozwa kuku.

Daktari alifurahi mno. Ikiwa utani huondoa uhasama, alisema, basi ugonjwa wa Katuba umejulikana: Bwana Msimamizi wa mtaa hana mtani. Kwa kuwa Msimamizi alizaliwa Ostende, Ulaya, kando ya bahari, Kamati ya Ofisi ilimwandikisha katika ukoo wa Samaki, ikapiga muhuri, ikamwita Mwape aje kufungua uhusiano.

Mwape alimzunguka Msimamizi kama mtu anayechagua mbuzi sokoni.

"Samaki hii iko mukubwa, lakini kichwa iko tupu. Tumbo tu njo imejaa maji yetu."

Anaclet alitafsiri bila kupunguza neno, kama kiapo chake kilivyomtaka. Msimamizi alicheka, kama amri ilivyomtaka.

Asubuhi iliyofuata Mwape alikutwa nyuma ya nyumba ya Msimamizi, kwenye bomba la kumwagilia mawaridi, na nyuma yake Mamba wote wa Katuba na ndoo zao.

"Wezi," alisema Msimamizi.

"Mutani haibi, Bwana. Mutani anakamata tu. Ukikasirika, utatoa kuku."

Alitoa kuku watatu kabla ya kifungua kinywa.

Nyumbani kwa Anaclet, hali haikuwa bora. "Mamba banateka maji kwa ndugu yangu," alisema Julienne, "na miye ndugu yake niko kwa foleni. Hii njo kazi unafanyaka kwa ofisi, baba?"

Banda la Msimamizi lilipobaki na jogoo mmoja, Kamati ilikutana kwa dharura. Daktari alisema jaribio limefanikiwa kupita kiasi. Anaclet aliulizwa kama kuna ukoo ambao Mamba hawana haki ya kuuchukulia vitu. Alifikiri kwa muda unaolingana na cheo chake, akajibu kwamba upo mmoja tu, wa Mamba wenyewe. Hakuna aliyemuuliza jambo jingine, naye hakuwa na mazoea ya kujibu asiloulizwa.

Jioni alishika kipaza sauti. Alisoma polepole, akarudia, ili Samaki wote wasikie, na Julienne alikuwa mbele kabisa, ndoo tayari mkononi:

"Kamati imeazimia kwa kauli moja kwamba kuanzia kesho alfajiri Bwana Msimamizi anahamishiwa ukoo wa Mamba, na kwamba suala la maji limefungwa."